Kununua Biashara Si Kununua Leseni Yake

Tuchukue mfano wa hoteli ndogo kando ya stendi ya matatu. Mwenyewe amechoka, anataka kurudi nyumbani kumtunza mzazi mgonjwa, na amempata mama mmoja aliye tayari kuichukua. Wanaelewana bei ya shilingi 400,000. Ndani ya bei hiyo kuna meza, viti, jiko, friji mbili, masufuria, na ile hela ambayo kila mfanyabiashara anaifahamu kwa jina la gudwili, yaani thamani ya wateja waliozoea kula hapo. Pesa zinatumwa, funguo zinapokelewa, na kibali cha biashara kinabaki pale pale ukutani kilipokuwa kimetundikwa.

Wiki ya tatu anaingia muuzaji wa unga wa jumla na daftari lake. Anadai shilingi 86,000. Siku chache baadaye afisa wa leseni wa Kaunti anapita kukagua na kuuliza mbona jina lililo kwenye kibali si la mtu aliye kaunta. Mwenye jengo naye anasema hamjui mpangaji huyu mpya, na kwamba yule wa zamani aliondoka bila kulipa kodi ya miezi miwili. Tena kumbe wateja waliokuwa wakilipa kwa simu walikuwa wakitumia namba ya Lipa Na M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la muuzaji, na mauzo ya wiki tatu yameingia kwenye akaunti yake.

Katika mfano huu huenda hakuna mtu aliyekusudia kumwibia mwenzake. Kilichotokea ni kwamba mama alinunua biashara kama mtu anunuavyo kabati. Lakini biashara ni mkusanyiko wa vitu vingi, na baadhi yake muuzaji hana uwezo wa kuviuza. Kibali ni cha Kaunti. Nafasi ni ya mwenye jengo. Jina huenda ni la kampuni nyingine kabisa. Madeni nayo yana tabia ya kubaki mahali biashara ilipo, hata mwenyewe akihama.

Kibali hakiuzwi pamoja na meza

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la kusimamia biashara, masoko na leseni za biashara. Kwa hiyo kibali cha biashara hutolewa na Kaunti kwa mtu fulani, au kampuni fulani, kwa kazi fulani, mahali fulani. Ada yake hupangwa kulingana na aina ya biashara na ukubwa wake, na viwango vimo kwenye Sheria ya Fedha ya Kaunti ya mwaka husika. Mmoja kati ya mambo hayo akibadilika, na hasa mwenyewe, karatasi iliyo ukutani haizungumzii tena biashara iliyopo.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa mnunuzi ni kufika ofisi ya biashara ya kaunti ndogo kabla ya kulipa. Ofisi itataka kuona kitambulisho chake na namba yake ya PIN ya KRA, kibali cha sasa cha muuzaji, makubaliano ya mauzo yaliyotiwa sahihi na pande zote mbili, na ushahidi kwamba mwenye jengo amekubali. Kama biashara ina jina lililosajiliwa, cheti cha usajili pia. Muhimu kuliko yote, hapo ndipo mnunuzi anapojua kama kuna ada za miaka iliyopita ambazo hazijalipwa. Ni swali la dakika chache, na wengi huliuliza wakiwa wamechelewa.

Wapo wanaouliza: kwa nini nisiendelee na kibali cha muuzaji hadi muda wake uishe? Jibu ni kwamba siku ya ukaguzi mnunuzi atahesabiwa kuwa anafanya biashara bila kibali, hata kama mwenzake alilipa ada ya mwaka mzima. Na ikitokea ajali ya moto au mteja akaumia, kampuni ya bima ikiona majina hayalingani itakuwa na sababu ya kuanza kubishana.

Kwa biashara ya chakula kuna jambo la ziada. Vyeti vya afya vya wanaoshika chakula ni vya mfanyakazi binafsi, hupimwa upya kila miezi sita, na haviwi mali ya hoteli. Mpishi akiondoka, cheti kinaondoka naye. Leseni ya pombe nayo ina utaratibu wake na kamati yake. Anayenunua baa asidhani kwamba kibali cha kawaida cha biashara kinatosha. Duka la dawa linahitaji idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu, na kituo cha mafuta kina leseni ya EPRA. Ofisi ya Kaunti haiwezi kutoa hizo mbili, na haiwezi kuziondolea mtu.

Vibanda vya masoko ya umma vinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Kibanda ni mali ya umma. Aliyepewa anaruhusiwa kukitumia, si kukiuza. Anayelipa gudwili ya kibanda cha soko kwa makubaliano ya mdomo amenunua bidhaa zilizo ndani na labda rafu. Nafasi yenyewe inabaki mikononi mwa Kaunti, na inaweza kupewa mtu mwingine aliye kwenye orodha. Anayetaka kuachia kibanda anarudisha nafasi ofisini, na anayekitaka anaomba.

Madeni humfuata nani?

Kuna sheria ambayo imekuwapo tangu enzi za ukoloni na ambayo wafanyabiashara wachache wanaifahamu: Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, Sura ya 500 ya Sheria za Kenya. Inasema, kwa maneno mepesi, kwamba anayehamishiwa biashara anabeba pia madeni yaliyotokana na biashara hiyo, hata kama yeye na muuzaji waliandikiana kinyume. Maneno kama "madeni yote ya nyuma ni ya muuzaji" yanaweza kumsaidia mnunuzi kumdai muuzaji baadaye. Hayamzuii muuza unga kuja na daftari lake.

Njia ya kujikinga ambayo sheria yenyewe imeitoa ni tangazo. Tangazo la kuhamisha biashara huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka kila Ijumaa, na pia katika gazeti la kawaida linalosomwa katika eneo la biashara. Huwataja muuzaji na mnunuzi pamoja na anwani zao, aina ya biashara na mahali ilipo, tarehe ya kuhamisha, na kama mnunuzi anachukua madeni au hachukui. Lengo ni kumpa kila anayedai nafasi ya kujitokeza kabla muuzaji hajaondoka na pesa. Tangazo hutolewa kabla ya kuhamisha, na sheria imeweka muda wake. Ni vizuri wakili aangalie tarehe hizo, kwa sababu tangazo lililotoka nje ya muda ni gharama ya bure.

Kwa duka la rejareja la mtaani, wengi huona gharama ya tangazo ni kubwa mno. Hoja yao inaeleweka. Lakini asiyetangaza ajue kwamba amechukua hatari, na bei aliyolipa ionyeshe hivyo. Njia moja inayofaa ni kutolipa bei yote siku ya kupokea funguo: sehemu ya pesa inabaki kwa wakili wa pande zote mbili kwa miezi kadhaa, na anayedai akijitokeza analipwa kutoka humo. Nyingine ni kwenda na muuzaji kwa kila msambazaji, anayeleta unga, soda, gesi na mikate, na kuchukua barua fupi inayotaja deni lililopo siku hiyo. Muuzaji anayekataa safari hiyo amekwisha kutoa jibu.

Kisha kuna vyombo. Friji zile mbili huenda ni dhamana ya mkopo. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, benki, sacco na wakopeshaji wengine husajili dhamana za mali kama mashine, magari na hata bidhaa za dukani katika rejesta inayosimamiwa na Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS). Mnunuzi anaweza kupekua rejesta hiyo kupitia eCitizen kabla ya kulipa. Akikuta jina la muuzaji limesajiliwa dhidi ya friji, mkopeshaji ndiye wa kulipwa kwanza.

Jengo na wafanyakazi

Mwenye jengo si mtazamaji katika mauzo haya. Mikataba mingi ya upangaji inamkataza mpangaji kumpa mtu mwingine nafasi bila idhini ya maandishi, na mnunuzi aliyeingia bila idhini hiyo anaweza kutolewa akiwa amekwisha kulipa gudwili. Upangaji wa maduka na hoteli usio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka mitano, unalindwa na Sura ya 301, na migogoro yake husikizwa na Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Ulinzi huo ni wa mpangaji anayetambuliwa. Kwa hiyo mnunuzi ahakikishe risiti ya kodi ya mwezi wa kwanza imeandikwa jina lake. Mita za stima na maji pia zisomwe siku ya kukabidhiana, mbele ya watu wote watatu.

Wafanyakazi ndio husahaulika. Sheria ya Kenya haiwahamishi wafanyakazi moja kwa moja kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine. Kwa kawaida muuzaji huwalipa na kumaliza mkataba wao, na mnunuzi huwaajiri upya akitaka. Kama wanaachishwa kwa sababu biashara imeuzwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka notisi ya angalau mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, au kwa chama chake kama ni mwanachama, pamoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Mpishi aliyekaa miaka sita anastahili mshahara wa siku 90 kwa hesabu hiyo peke yake, kabla ya likizo ambazo hakwenda. Pesa hizo zisipotajwa kwenye makubaliano, pande mbili zitaanza kusukumiana, naye mpishi atabaki katikati.

Jina likiwa la kampuni nyingine

Hadi hapa tumezungumzia biashara ambayo jina lake ni la mwenyewe. Jina kama hilo, likiwa limesajiliwa, mabadiliko ya mmiliki huripotiwa kwa BRS kupitia eCitizen ndani ya siku 28, na mambo yakaisha. Hali ni tofauti kwa anayefanya kazi chini ya jina la kampuni nyingine: kituo cha mafuta, duka la kuku wa kukaanga, uwakala wa benki au wa pesa kwa simu, duka la kampuni ya vifurushi. Mtindo ambapo mtu anaendesha biashara yake mwenyewe kwa jina, nembo na taratibu za kampuni nyingine, kwa malipo na masharti, unajulikana kama franchaizi. Umekuwa ukienea nchini, na baadhi ya majina tunayoyaona mijini, kama KFC iliyoingia mwaka 2011, yalikuja kwa njia hiyo.

Kenya haina sheria maalumu ya franchaizi. Mambo yote yamo kwenye mkataba kati ya kampuni yenye jina na mwendeshaji, ukiungwa mkono na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. Hii ina maana kwamba mnunuzi hana kifungu cha sheria cha kumwambia anastahili nini. Ana mkataba wa mtu mwingine, ambao mara nyingi hajawahi kuuona.

Aombe kuuona. Na akiusoma, atakuta karibu kila mara kwamba mwendeshaji hawezi kuuza bila idhini ya maandishi ya kampuni. Kampuni nyingi pia hujiwekea haki ya kununua zenyewe kwanza kwa bei ile ile aliyotoa mnunuzi. Zikikubali mnunuzi wa nje, humchunguza kama zinavyomchunguza mwombaji mpya: ana mtaji kiasi gani na umetoka wapi, amewahi kusimamia biashara, ana kesi au madeni, atakuwepo dukani mwenyewe au ataajiri meneja. Atatakiwa kuhudhuria mafunzo. Kutakuwa na ada ya kuhamisha, na muuzaji atatakiwa kulipa malimbikizo yote anayodaiwa na kampuni kabla sahihi ya mwisho kutiwa.

Mahali pa kuangalia kwa makini zaidi ni muda. Muuzaji akisema duka linaingiza faida nzuri, huenda anasema kweli. Lakini kama mkataba wake wa miaka kumi umebaki miezi kumi na minane, mnunuzi anauziwa miezi kumi na minane. Baadhi ya kampuni hazimruhusu mnunuzi kuendelea na mkataba wa zamani. Humpa mpya, wenye masharti ya siku hizo, na humtaka akarabati duka lifanane na matawi mapya. Gharama ya ukarabati huo, kaunta, mabango, mashine, inaweza kuwa kubwa kuliko bei ya biashara yenyewe. Isipoulizwa mapema, hujulikana baada ya pesa kwenda.

Na jina halina uhakika wa kukaa. Madukani mwa Carrefour hapa Kenya, mwendeshaji tangu 2016 amekuwa kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, kwa makubaliano na wenye jina walioko Ufaransa. Kampuni hiyo hiyo iliendesha Carrefour huko Jordan na Oman pia. Novemba 2024 jina liliondolewa Jordan, Januari 2025 likaondolewa Oman, na maduka yakafunguliwa kwa jina la HyperMax. Kampuni kubwa inaweza kuhimili mabadiliko ya namna hiyo. Mtu mmoja aliyenunua duka moja kwa akiba ya sacco, akitegemea kwamba jina ndilo linalovuta wateja, hana nguvu hizo. Vilevile madereva wanakumbuka vituo vya KenolKobil vilivyobadilishwa rangi na kuwa Rubis baada ya kampuni hiyo kununuliwa mwaka 2019. Walioendesha vituo hawakuulizwa jina wanalolipenda.

Uwakala wa pesa kwa simu na wa benki una funzo lake dogo. Namba ya wakala hutolewa kwa mtu au kampuni iliyochunguzwa, na hutolewa baada ya kuthibitisha anayeitumia ni nani. Kununua duka la uwakala na kuendelea kutumia namba ya muuzaji ni kushika pesa za watu kwa jina la mtu mwingine. Kukitokea ulaghai, polisi watamtafuta mwenye namba, naye ataonyesha makubaliano ya mauzo. Namba ibadilishwe kwanza, hata kama kaunta itakaa wiki mbili bila kazi.

Hali mbili zinazochanganya watu

Ikiwa biashara inamilikiwa na kampuni na kinachouzwa ni hisa, kampuni inabaki ile ile. Kibali kiko kwa jina lake, mkataba wa pango uko kwa jina lake, na madeni yake yote, hata yasiyojulikana, yanabaki ndani yake. Ni njia ya haraka na inafaa pale ambapo hesabu ni safi. Muuzaji wa hisa akipata faida, kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023. Mikataba ya franchaizi nayo kwa kawaida huhesabu uuzaji wa hisa nyingi kuwa sawa na kuuza duka, kwa hiyo idhini bado inahitajika.

Mmiliki akifariki, familia haiwezi kuuza biashara siku ya pili hata kama wote wamekubaliana. Ni mpaka mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi. Anayeuza au kununua mali ya marehemu kabla ya hapo anaingilia mirathi, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinaweka adhabu ya faini au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Familia inayotaka duka lisifungwe wakati ikisubiri inaweza kuomba mahakama hati ya muda ya kulinda mali, na ifike ofisi ya biashara na hati hiyo mkononi.

Muuzaji naye ana kazi

Makala mengi ya aina hii humzungumzia mnunuzi tu. Muuzaji aliyeondoka bila kufunga mambo yake naye hupata shida, ila huchelewa. Kibali kisipofutwa kwa jina lake, mfumo wa Kaunti unaendelea kumhesabu kuwa ana biashara, na ada za mwaka unaofuata zinaandikwa kwake. KRA nayo inaendelea kungoja ripoti zake za kodi. Aliyemdhamini kwa mwenye jengo anabaki mdhamini. Kwa walio chini ya franchaizi, dhamana binafsi waliyotia sahihi kwa kampuni haifutiki kwa kukabidhi funguo; inafutwa kwa barua, na barua hiyo huombwa kabla ya mauzo kukamilika, kampuni ikiwa bado inahitaji sahihi ya muuzaji.

Aangalie pia sharti la kutofungua biashara kama hiyo karibu na ile aliyouza. Ni la haki kwa mnunuzi aliyelipa gudwili, na mahakama hulitambua likiwa na mipaka ya kueleweka ya mahali na muda. Anayetia sahihi kwamba hatapika chakula cha kuuza popote nchini maisha yake yote ametia sahihi jambo ambalo mahakama inaweza kulikataa, lakini itambidi aende mahakamani kwanza.

Siku ya kukabidhiana, pande zote mbili zinaweza kufika pamoja ofisi ya biashara ya kaunti ndogo: mmoja kuacha kibali, mwingine kuomba chake. Waje na vitambulisho, makubaliano ya mauzo, barua ya mwenye jengo, na risiti za ada za mwaka huu. Walio chini ya jina la kampuni nyingine waje pia na idhini ya kampuni hiyo, na ni afadhali waahirishe siku kuliko kuja bila hiyo.